Eda ya Binzari

Nilikuta kizuizi kwenye beseni la vyombo. Kimeoshwa kwa sabuni, kimelazwa juu ya sahani na vijiko, kinachuruzika maji.

"Bi Zamda!" nikasema. "Nani ametoa hiki kwenye tangi?"

"Kwanza salamu," akajibu, bila hata kugeuka kutoka kwenye jiko lake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekitoa mimi. Karibu chai."

Chai! Roho inanitoka, yeye karibu chai. Nikampita hadi sebuleni ambako bahari yake ndogo ilikuwa imewekwa ukutani, kioo cha lita mia mbili, pampu inavuma, taa ya buluu inawaka. Ndani ya mtungi uliovunjika mdomo, Binzari alikuwa amejitandaza, mapezi wazi, rangi yake ya chungwa imekoza kwa hasira. Mgeni sikumwona. Nilizunguka, nikainama, nikapiga tochi, ndipo nikamkuta amejibana nyuma ya pampu, kichwa chini, mkia umetafunwa umebaki vinyuzi.

Siku tatu za kazi. Siku tatu, jamani!

Nieleze kidogo, maana watu wakisikia kazi yangu hucheka. Kwenye barua ya ajira mimi ni Afisa Uoanishaji wa Viumbe Bahari, Kanda ya Magharibi. Tabora nzima hakuna anayelimaliza jina hilo kwa pumzi moja, kwa hiyo naitwa Nyamizi mshenga wa samaki. Bahari ilipopata joto na matumbawe yakafa, samaki waliookolewa waligawiwa majumbani huku bara, familia moja jozi moja, mpaka siku maji yatakapopoa warudishwe. Hawa wa kwangu tunawaita mikanda, kwa ile mistari yao myeupe. Mimi bahari yenyewe sijaiona. Ila chumvi yake naijua, naipima kila siku kwa kipimo changu kabla sijanywa hata uji.

Na kazi yenyewe ina adabu zake. Mgeni nilimleta Jumatatu. Mfuko wake niliuacha uelee juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane. Halafu saa nzima ya mrija, tone baada ya tone, maji ya huku yamzoee polepole. Nilipanga upya mawe yote ili na Binzari ajione kahamia nyumba mpya, asiringe. Kisha nikaweka kizuizi cha wavu katikati, waonane wasigusane. Siku tano. Nilimwambia Bi Zamda siku tano, nikamwonyesha vidole vitano.

"Ulinihesabia vidole kama mtoto," alisema sasa, amesimama mlangoni na kikombe. "Nilisikia. Lakini jana saa kumi na moja nimekaa nakula, huyu yuko upande hauna hata mtungi, kaniangalia. Tonge halikupita. Mgeni hatiliwi ukuta, Nyamizi."

"Ni samaki, Bi Zamda!"

"Ni mgeni. Mimi nilikwambia usimlete, ukamleta kwa nguvu. Akishavuka kizingiti changu ni mgeni wangu."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mbona hiyo huikumbuki?"

"Huyo kuku," akasema, akanywa chai yake mwenyewe.

Bi Zamda Mfaume ni mkunga mstaafu. Miaka sabini na mbili, mikono haitetemeki, na nusu ya watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo aliwapokea yeye duniani, mimi nikiwemo. Mtu aliyekukata kitovu huwezi kumfokea vizuri. Nilimtoa mgeni kwa kikombe, nikamweka kwenye ndoo yenye maji yake na dawa ya vidonda, huku nanung'unika chini kwa chini.

"Nilikwambia na lile jingine," akaendelea. "Eda yake haijaisha."

Hapo ndipo nilipotaka kujigonga kichwa ukutani. Mikanda wote huzaliwa madume. Katika jozi, yule mkubwa ndiye hugeuka jike, na jike akifa, dume lake hushika nafasi: hunenepa, hubadilika, huwa jike, kisha hungoja dume dogo. Pilipili, jike wa nyumba ile, alikufa kwa uzee. Nilipomweleza Bi Zamda kwamba Binzari sasa ndiye atageuka, nilidhani namfundisha sayansi. Kumbe nimempa fatwa.

"Basi ni mjane," alisema siku ile.

"Mgane. Alikuwa dume."

"Si umesema anageuka jike? Akigeuka ni mjane. Na mjane ana miezi minne na siku kumi. Usimletee mtu."

Nilicheka siku ile. Sasa sikucheka. Pilipili alikuwa na siku thelathini na tisa tangu afe, na sheria ya Taasisi iliyoniajiri ni siku arobaini. Tangi likivuka hapo bila jozi, samaki anachukuliwa.

Simu ikaita. Mkuu wangu, Bwana Lutengano, anayejua samaki kwa njia ya majedwali tu.

"Nyamizi, la Bi Zamda limefikia wapi?"

"Wamepigana, Mkuu. Naomba muda."

"Muda gani tena? Kesho saa sita mchana mfumo unafunga. Tia kitulizo."

"Mkuu, huyu ni mmoja wa tisa tu waliobaki mkoa mzima bila kitulizo."

"Ndiyo maana nataka awe na jozi! Unataka afe mpweke? Ama kitulizo, ama gari lije limchukue. Chagua wewe."

Akakata. Ananiambia nichague, halafu anakata. Mtu huyu!

* * *

Kitulizo ni kipunje cha ukubwa wa punje ya ulezi. Unakipachika kwa sindano nyuma ya kichwa cha yule samaki mkali, na kinaupooza ule mshipa wa fahamu unaosema "hapa kwangu, toka". Dakika kumi, vita imekwisha. Kila saa kinatuma neno moja kwenye mfumo wa Taasisi: tulivu. Mfumo ukilipata, tangi linaandikwa "wamekubaliana", na mshenga anapongezwa.

Nimepongezwa mara mia na sitini na tatu.

Nilikwenda kituoni kukichukua. Stoo ya vitulizo iko mwisho wa chumba cha mayai, na kwa miaka minne nilikuwa napita pale mbio mbio. Siku ile yule mtunza stoo alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, nikalazimika kungoja. Nikakaa kwenye kiti mbele ya tangi namba kumi na saba, jozi niliyooanisha mwenyewe, tena nilijisifu kwayo.

Walikuwa wameelea bega kwa bega. Juu ya kigae chao kulikuwa na mayai, mamia, na zaidi ya nusu yalikuwa yamepauka yanaota ukungu. Mashine ya Taasisi ilikuwa inayapepea kwa mrija wa hewa, maana wao hawakuyapepea. Kazi ya kupepea ni ya baba. Baba wa mikanda hulala pale pale, anapepea kwa mapezi, anaokota lililoharibika kwa mdomo, anamfukuza kila anayesogea. Huyu wangu aliyapita mayai yake mara tatu nikimtazama. Hakuyala, hakuyalinda. Aliyapita tu.

"Baba huyu hana kitulizo," nilijisemea. "Kitulizo nilimtia mama."

Nikafungua daftari lao pembeni. Baba amezaliwa kituoni. Mama yake alitiwa kitulizo, naye amelelewa na mashine, hajawahi kuona mkanda mwingine akilinda kitu. Nikafungua la kumi na nane. La kumi na tisa. Watoto wote wa vitulizo, na wote, walipofika umri wa kuoana, walishindwa kuoana wenyewe, na jozi zao zote zikaandikiwa kitulizo. Na kule chini, kwa mwandiko wangu mimi, mzuri kabisa, umepinda kidogo kulia: wamekubaliana, wamekubaliana, wamekubaliana.

Nikafunga daftari. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma, na mbaya zaidi sikuwa na wa kumkasirikia isipokuwa mwenye mwandiko. Siku bahari ikipoa tutawarudisha samaki wasiojua kupendana wala kugombana. Na huko baharini nani atawapepea mayai? Lutengano na mrija?

Mtunza stoo alirudi, akanipa kipunje kwenye kichupa, akanisainisha. "Mshenga hodari," alisema, anatania. Nusura nimrushie kichupa.

* * *

Niliporudi kwa Bi Zamda ilikuwa alasiri. Nilimweka Binzari kwenye kikombe, nikavaa glavu, nikapima chumvi ambayo nilikuwa nimeshaipima. Nilikuwa napoteza wakati, na mkunga yule aliliona.

"Kama unamchoma, mchome," alisema. "Unamtesa kwa kumngojesha."

Nilimwinua Binzari kwenye kioo cha kukuzia ili nione pa kuchoma. Nikaangalia nyuma ya kichwa, nikaangalia tumbo, nikaangalia tena tumbo. Nikatoa picha zangu za jike na dume, nikalinganisha.

"Hajageuka," nikasema.

"Nini?"

"Bado yuko katikati, Bi Zamda. Wala si dume wala si jike. Anahitaji wiki nyingine, labda miezi. Nimemletea mume wakati mwenyewe hajijui ni nani! Lazima ang'ate!"

Bi Zamda hakusema "nilikwambia". Kheri angesema. Mimi nikaanza kutembea pale sebuleni huku na huku, naropoka. Siku arobaini zile hakuzipanga samaki. Zilipangwa na mtu wa ofisini ili taarifa ya robo mwaka ikamilike. Tukiwaharakisha wanapigana, wakipigana tunawatia kitulizo, tukiwatia kitulizo wanazaa wasiojua kitu. Ugonjwa tunauleta sisi, halafu tunajisifu kwa dawa! Mia na sitini na tatu, kwa mkono huu.

"Akimaliza eda, atakubali mume?" Bi Zamda akauliza.

"Siwezi kuapa. Lakini atakuwa jike kamili, na kijana mdogo akimwona jike kamili hutetemeka mwili mzima mbele yake, ndiyo heshima yao. Akitetemeka, hang'atwi."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tisini na moja."

"Basi watafutie hao wa ofisini neno lao la kila saa, wakae kimya siku tisini na moja."

Alilisema kama mtu anayesema kanunue chumvi dukani. Mimi nikasimama. Mfumo haumwoni samaki. Mfumo unapata namba ya kipunje na neno moja. Kipunje kinataka mshipa hai tu, hakiulizi wa nani. Mgeni sikuweza kumtia, huyo ndiye atakayekuwa baba, anatakiwa awe na moto wake wote. Nikautazama mkono wangu.

"Usicheze na dawa ya mnyama," Bi Zamda akasema mara moja.

"Kipunje cha kumtuliza samaki wa nusu kiganja kitanifanya nini mimi, kilo themanini?"

"Dawa haipimwi kwa kinywa."

"Bi Zamda, kesho saa sita gari linakuja!"

Nikajichoma, chini kidogo ya kiwiko. Iliuma kama kuumwa na siafu. Nikamrudisha Binzari kwenye mtungi wake, nikairudisha ndoo ya mgeni kivulini. Baada ya saa moja simu yangu ikaonyesha tangi la Zamda Mfaume: wamekubaliana. Tukacheka, tukanywa ile chai hatimaye. Nililala hapo hapo kwenye kochi, usingizi mzito ambao sijaupata tangu niajiriwe.

* * *

Asubuhi niliamka vizuri. Mgeni alikuwa anakula. Bi Zamda aliniletea uji, ukanimwagikia kwenye sketi mpya, nikaufuta.

Saa tatu Lutengano alipiga simu. Alikuwa na furaha.

"Hongera, Nyamizi! Kama hata yule mkaidi ametulia, hakuna haja ya kuwangoja wengine. Wale wanane waliobaki watie leo leo. Wote. Na nitapeleka pendekezo juu: kitulizo siku ya kwanza, hakuna tena mambo ya vizuizi na matone."

"Sawa, Mkuu," nikasema.

"Nilidhani utabisha."

"Hapana, Mkuu. Napita kituoni kuchukua vinane, kisha naanza na nyumba ya Mwalimu Kapufi."

Nikakunja shuka. Nikachukua mkoba wa sindano. Nikavaa viatu. Nilikumbuka kila kitu, msije mkadhani nilisahau. Nilikumbuka tangi namba kumi na saba na mayai yenye ukungu. Nilikumbuka nilichosema jana hadi mate yananitoka. Nilikuwa nayaona maneno yale yote, yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja lililonisukuma.

Bi Zamda alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwatia vitulizo samaki wanane."

"Jana ulisema nini kuhusu vitulizo?"

"Nilisema vinawaharibu mpaka wajukuu."

"Na leo?"

"Leo vilevile. Vinawaharibu."

"Sasa mbona unakwenda?"

"Mkuu amesema."

Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kama wakunga wanavyomwangalia mtoto aliyetoka halii. Kisha akanizaba kofi. Kofi la nguvu, shavu likawaka moto. Nikasema, "Bi Zamda, umenipiga." Basi. Hicho ndicho nilichosema.

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa. Ndilo lililomtisha zaidi, aliniambia baadaye, vile nilivyokaa.

Akatoa sanduku lake la zamani, wembe mpya, pamba, spiriti. Akaushika mkono wangu. Halafu akasita, akageuka kulitazama tangi.

"Hiki kikitoka," akasema polepole, "neno halitatumwa. Watakuja kumchukua Binzari."

"Ndiyo," nikasema. "Saa nne kamili kinatuma tena. Una dakika arobaini."

"Na kikibaki, utawaharibu wanane."

"Ndiyo."

"Huwezi hata kunisaidia kulia, mwanangu?"

Nilifikiria swali lake. "Sioni sababu," nikamjibu.

Akanikata. Kipunje kikatoka juu ya ncha ya wembe, kidogo, kina damu. Sikujua atakifanya nini. Alikisafisha kwa spiriti, akakisokomeza kwenye sindano yangu mwenyewe, akapandisha mkono wa gauni lake.

"Wewe una kazi ya kwenda kugombana na watu," alisema. "Mimi siendi popote. Nikikaa humu ndani nimetulia miezi mitatu, nitamdhuru nani? Wewe utakuja kumlisha. Na siku ya tisini na moja ikifika, usinisikilize nitakachosema. Unikate ukitoe."

Ndipo akajichoma. Mikono haikutetemeka.

Hasira ilinirudia vipande vipande. Kwanza shavu likaanza kuuma. Halafu sketi: uji kwenye sketi mpya! Halafu nikamkumbuka Lutengano na "siku ya kwanza" yake, nikamkumbuka Mwalimu Kapufi, ambaye mikanda wake wawili hawajawahi kuguswa na mtu, nikaona nilivyokuwa nimeshavaa viatu kwenda kuwachoma. Nikaruka kutoka kwenye kochi. Nilitukana, matusi ambayo mama yangu hakunifunza.

"Bi Zamda! Kwa nini umejichoma? Hatukujadiliana! Ungeniuliza!"

"Hm," akasema.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya kioo, mikono mapajani. Simu yangu ikalia saa nne kamili: wamekubaliana. Binzari akatoka mtungini, akapanda mpaka juu ya maji, pale pembeni ambapo Bi Zamda humlisha kwa kidole kila asubuhi tangu Pilipili alipokufa. Akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, mdomo unafunguka.

"Ana njaa huyo," nikamwambia.

"Enhe," akasema Bi Zamda.

"Si umlishe?"

Alimtazama Binzari, akatazama kopo la chakula lililokuwa mkononi mwake, kisha akatazama ukuta. Uso wake ulikuwa laini, hauna kunyanzi hata moja la wasiwasi, sijawahi kumwona ameonekana kijana vile.

"Ni samaki tu, Nyamizi," akasema.

Nikalichukua kopo. Nikamlisha mimi kwa kidole changu, Binzari akakikwepa mara mbili kabla hajakubali. Machozi yalikuwa yananichuruzika mpaka kidevuni na sikuyafuta. Nilipomaliza nikampigia Lutengano, na alipopokea tu sikumngoja aseme haloo.

"Wale wanane siwatii," nikamwambia. "Na nina daftari langu la kazi, lenye jozi mia na sitini na tatu nilizozitia kitulizo. Keti chini, Mkuu, nikusomee."